Nilimsomea Mama Mkubwa Nusu ya Majibu ya Kivimbe Chake

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu najijua: nikianza na maelezo, nitafika mwisho wa barua hii nikiwa nimeshajisafisha.

Naomba jina langu lisitajwe. Watu wa mbali siwaogopi. Naogopa watu wa Gongoni, mtaa ninaoishi hapa Tabora, wanaonisalimia kila asubuhi kama kijana msomi wa familia. Najua baadhi yao wakisoma hapa watanitambua hata bila jina. Basi wanitambue.

Nina shahada ya sayansi ya maabara. Nilipomaliza chuo sikupata ajira, nikaenda kujitolea katika maabara ya hospitali moja hapa mkoani. Kujitolea maana yake unavaa koti jeupe, unafanya kila kinachofanywa na wenzako, ila orodha ya watumishi haina jina lako.

Na mimi ni mtu wa kuwazawaza. Nikitumiwa ujumbe wenye neno "sawa" peke yake, nakaa saa nzima najiuliza nimekosea wapi. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma mara mbili. Watu hudhani mtu wa namna hii hawezi kukosea, kwa kuwa anafikiria kila kitu. Jamani! Anayefikiria kila kitu ndiye anayechelewa kufanya kile kimoja kinachotakiwa.

Sasa nisikilizeni.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na Mama Mkubwa akanichukua kwake Sikonge akanilea. Hakujaliwa kuzaa. Alikuwa na shamba la tumbaku, mizinga michache porini, kwaya ya kanisa, na mimi. Katika kwaya aliimba sauti ya kwanza, na wakati wa msimu, akiwa amekaa karibu na bani tunapokaushia tumbaku, alikuwa akichambua majani huku akiimba, nami nikifanya mazoezi ya hesabu kando yake. Kila nilichosoma, nilisoma nikimsikia.

Lakini kuna jambo lilitangulia, na bila hilo hamtaelewa kwa nini nilifunga mdomo.

Mwaka mmoja kabla ya haya, Mjomba, kaka yake Mama Mkubwa, ambaye ndiye mwenye nyumba ninayokaa hapa Gongoni, aliota kinundu nyuma ya shingo. Nilikipapasa. Nikaenda kusoma vitabu vyangu, nikasoma tena, nikakosa hamu ya kula. Mwishowe nikaitisha kikao cha familia na kutamka neno saratani mbele ya watoto na wajukuu. Mjomba akaanza kugawa mashamba. Mama Mkubwa akafunga na kuomba siku tatu. Tukampeleka hospitali kubwa Mwanza, kinundu kikatolewa, kikapimwa. Kilikuwa mafuta tu. Uvimbe wa mafuta, wa kawaida kabisa, ambao mtu anaweza kuzeeka nao.

Tuliporudi, aliyetupokea barazani alikuwa Mzee Pazi, fundi cherehani wa nyumba ya jirani. Mzee Pazi ni Mzaramo aliyezaliwa hapahapa Tabora. Babu wa babu yake alifika na misafara ya mizigo kutoka pwani akaoa huku. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu njia hiyo, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote: kukutukana mbele ya wakwe, kukaa kwenye kiti chako, kulia kwa dhihaka kwenye msiba wako. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mkosaji.

Mzee Pazi alimtazama Mjomba, akanitazama mimi, kisha akaulizia vipimo vya jeneza maana, alisema, kitambaa cha ndani alikuwa ameshakikata. Tangu siku hiyo akaniita Dokta Jeneza. Jina likashika. Watoto wa mtaa wakaliita, Mjomba akaliita, na hata mchungaji aliliita mara moja akajisahihisha. Nilikuwa nacheka nao. Lakini moyoni niliapa kwamba neno lile halitatoka tena kinywani mwangu mpaka niwe na hakika kamili.

Hakika kamili! Kumbukeni maneno hayo. Ndiyo yaliyomla Mama Mkubwa.

Mvua zikiwa zimekolea, kabla tumbaku haijaanza kuvunwa, Mama Mkubwa alikuja mjini na dumu la asali na kivimbe mbele ya sikio la kulia. Hakikuja kuonyeshwa. Nilikiona mwenyewe alipofunga kilemba upya. Kilikuwa kidogo kama punje ya kunde. Akasema kipo mwaka wa pili sasa, hakimsumbui, na bibi mmoja kijijini amemwambia ni matubwitubwi ya ukubwani.

Nilikigusa. Kilikuwa kigumu, na hakikuteleza chini ya kidole.

Pale mbele ya sikio kuna tezi ya mate, kubwa kuliko zote, na ndani yake unapita mshipa wa fahamu unaoendesha uso: kufumba jicho, kucheka, kupuliza moto. Vivimbe vya tezi hiyo ni vya nadra, vina aina nyingi ajabu, na hata wataalamu hubishana juu ya kioo kimoja cha hadubini. Vingi vyake havina ubaya. Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba vile vyenye ubaya hujificha katikati ya vile visivyo na ubaya, na kwamba baadhi yake hukua polepole mno kiasi kwamba mgonjwa huvizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkimya.

Nilimpeleka hospitali ninapojitolea. Daktari akamchoma sindano nyembamba, akavuta seli kidogo, zikapakwa kwenye vioo na kutumwa kwa mtaalamu wa kuzisoma. Utaratibu ni kwamba majibu hurudi kwa daktari, na daktari humwita mgonjwa. Lakini nani hajui utaratibu wetu wa kweli? Ukiwa na mtu wako ndani, hupangi foleni. Yalipofika, mwenzangu wa mapokezi aliniita akanipa bahasha mkononi. Akasema nimpelekee mama, halafu nimrudishe kwa daktari Jumanne.

Nikaifungulia njiani, nimesimama chini ya jua.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, fupi. Mstari wa kwanza ulisema kwamba hakuna seli za saratani zilizoonekana. Mistari iliyofuata ilisema kwamba seli zilizopatikana ni chache mno, hazitoshi kutoa uamuzi. Kwamba kipimo kirudiwe au kivimbe kitolewe na kupimwa. Na kwamba mgonjwa akipata maumivu, ganzi au kulegea kwa uso, apelekwe hospitali kubwa bila kuchelewa.

Mtu wa maabara anajua maana ya karatasi hiyo. Maana yake ni "hatujui". Ni sawa na mtu aliyechungulia nyumba kupitia tundu la ufunguo akakuambia hajamwona mwizi.

Nyumbani walikuwa wananisubiri wote. Mama Mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono mapajani, kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mjomba alikuwa amezima redio. Mzee Pazi alikuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni.

"Haya, Dokta Jeneza," alisema, "nipime nani leo?"

Wakacheka. Mama Mkubwa naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye karatasi.

Nikasoma mstari wa kwanza kwa Kiswahili. Hawajaona saratani.

Nilikusudia kuendelea. Naapa nilikusudia. Lakini kabla sijavuta pumzi ya mstari wa pili Mama Mkubwa alikuwa ameshainua mikono juu na kuanza wimbo, Mjomba ananipiga mgongoni, na Mzee Pazi anasema kumbe siku hizi jeneza linarudisha watu. Kwa mara ya kwanza tangu Mwanza, nyumba nzima ilinitazama kwa fahari. Nikaikunja karatasi ikiwa na maneno yaliyobaki. Nikasema moyoni, kesho asubuhi nitamweleza taratibu, tukiwa wawili.

Kesho yake asubuhi alikuwa ameshapanda basi la kwanza la Sikonge. Majani ya chini yalikuwa yameanza kugeuka rangi, na tumbaku haimsubiri mtu.

Mnajua nilivyofanya? Niliandika ujumbe kwenye simu. "Mama, kuna kitu sikumalizia." Nikaufuta. Nikaandika, "Mama, Jumanne daktari anataka kukuona tena, si jambo kubwa." Nikawaza: nikisema si jambo kubwa hatakuja, nikisema ni jambo kubwa ataanza kufunga na kuomba, na tena familia itakaa kikao, na tena kivimbe kitakuwa mafuta tu. Nikafuta. Jumanne ikapita. Daktari aliponiuliza koridoni, nikamwambia mama amerudi shambani, atakuja baada ya mavuno. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na wagonjwa wake. Na hapo nikaona nimepata ruhusa ambayo hakuna aliyenipa.

Kila wiki nilimpigia simu. Nilimuuliza habari za nyuki, za kwaya, za mabani. Sikumuuliza kuhusu uso wake, maana niliogopa jibu. Mwezi wa tatu ukapita hivyo, na wa nne, na wa tano.

Mwezi wa saba Mjomba alifiwa na mama mkwe wake, na Mama Mkubwa akaja msibani. Niliona analala upande mmoja. Niliona anajipapasa sikio anapodhani hakuna anayemwona. Nikajiambia ni baridi ya kiangazi.

Siku ya pili ya msiba Mzee Pazi alifanya kazi yake ya utani kama inavyotakiwa. Aliwanyang'anya wapishi mwiko, akavaa viatu vya marehemu, akadai Wanyamwezi wanalia vibaya, waajiri Wazaramo wawasaidie. Watu walikuwa wanacheka hadi machozi ya huzuni yanachanganyika na ya kicheko. Kisha akasimama mbele ya Mama Mkubwa, aliyekuwa anakunywa chai.

"Wewe mtumwa wangu wa Sikonge," alimwambia, "mbona siku hizi unanichekea nusu? Nusu nyingine umempa nani?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Mkubwa naye akacheka, na hapo nikaona. Upande wa kushoto wa mdomo ulipanda. Wa kulia ulibaki palepale, umetulia, kama haumhusu. Chai ikamchuruzika kidevuni. Akaifuta kwa pindo la kanga haraka, akasema nyuki alimng'ata juzi shavuni, ganzi haijaisha.

Hakuna nyuki anayefanya vile. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Ile karatasi ilikuwa chumbani kwangu, ndani ya kitabu, hatua ishirini kutoka pale, na ilikuwa imeandika jambo lile lile nililokuwa nikilitazama.

Nikacheka na wenzangu.

Ndiyo, nilicheka! Ungefanyaje, maneno ya mtani yakishatoka? Aliyeyachukua kwa uzito ndiye mjinga wa siku hiyo. Ningesimama pale katikati ya msiba kusema "Mama, hebu nione uso," ningekuwa Dokta Jeneza juu ya jeneza la kweli. Hivi ndivyo nilivyojitetea moyoni. Wakati nikijitetea, Mama Mkubwa alikuwa anajaribu kunywa chai kwa upande mwingine.

Jioni watu walipopungua, Mzee Pazi alinikuta nakusanya viti. Hakuniita kwa lile jina. Aliniita kwa jina langu, na hilo peke yake lilinitia baridi.

"Pale sikuwa natania," alisema.

Nikaendelea kupanga viti.

"Mimi Mzaramo, kazi yangu ni kuwaambia Wanyamwezi wanachoogopa kuambiana. Nimeshasema, mbele ya watu, na wewe umesikia." Akakunja kiti kimoja, akaniwekea juu ya vingine. "Sasa kazi yako wewe ni ipi?"

Nilimwambia nitalishughulikia. Akaenda zake bila kuongeza neno, na Mzee Pazi hajawahi kuondoka mahali bila kuongeza neno.

Baada ya matanga nilimwambia Mama Mkubwa twende Mwanza kwa uchunguzi wa kawaida. Hata hapo nilitumia neno "kawaida". Hakuuliza kitu. Tulipopita Nzega, basi liliposimama, alinunua mayai ya kuchemsha na kuanza kula, na nikamwona anasukuma chakula kwa kidole kukitoa kwenye shavu la kulia, ametazama dirishani ili nisimwone. Jicho lake la upande ule lilikuwa linatoa machozi bila yeye kulia. Niliyahesabu magari yanayopishana nasi mpaka Shinyanga, ili nisihesabu miezi.

Daktari wa Mwanza alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alimwambia akunje paji la uso, afumbe macho, aoneshe meno, avimbishe mashavu. Upande wa kulia haukutii. Kisha akauliza kama aliwahi kupimwa, na mimi nikatoa ile karatasi. Niliileta. Sijui kwa nini. Labda nilitaka mtu anishike.

Akaisoma. Akatazama tarehe. Akainua macho.

"Haya majibu alipewa nani?"

"Mimi."

"Wewe ni nani wake?"

"Mwanawe."

Mama Mkubwa alikuwa amekaa kati yetu, anatabasamu kwa nusu ya uso, maana alisikia nimejiita mwanawe. Daktari alilitazama koti langu la kazini, nililolivaa kwa upumbavu nikidhani litatusaidia kupita foleni. Aliandika kwa muda mrefu. Tulipotoka Mama Mkubwa aliniuliza kwa nini daktari aliulizia yale majibu. Nikamwambia alitaka kujua tarehe.

Walikata kipande, wakakipima, na safari hii hakuna aliyenipa bahasha mkononi. Daktari alituita wote wawili, akasema kwa Kiswahili chepesi, mstari baada ya mstari, bila kuacha. Ni saratani ya tezi ya mate, ya aina isiyoonekana mara nyingi. Hukua taratibu, lakini ina tabia ya kufuata mishipa ya fahamu, inatambaa ndani yake kama mchwa ndani ya nguzo, na nje unaiona nguzo nzima. Ulegevu wa uso ulimaanisha kwamba ilikuwa imeshaingia kwenye mshipa. Ili kuitoa, mshipa nao lazima ukatwe.

Mama Mkubwa aliuliza swali moja tu. Aliuliza kama ataweza kuimba.

Upasuaji ulifanyika. Sitaeleza mengi. Upande wa kulia wa uso wake ulishuka wote. Jicho halifumbi. Akilala hulifunika kwa kitambaa chenye maji lisikauke. Baadaye akapigwa mionzi wiki nyingi, kinywa kikakauka, ladha ikapotea. Asali aliyokuwa akiirina mwenyewe alisema ina ladha ya majivu. Kwenye kwaya alirudi Jumapili moja, akasimama na wenzake, wimbo ulipoanza midomo ikashindwa kukutana. Alikaa chini kabla ya ubeti wa pili. Hajasimama tena.

Na wakati wote huo aliwaambia watu, "Mungu ni mwema, mwanangu yupo hospitali, bila yeye ningechelewa."

Bila mimi! Mnaelewa nilivyokuwa nalala?

Nilivumilia mpaka msimu wa tumbaku uliofuata. Nilikwenda Sikonge na kumkuta chini ya bani anachambua majani: mazuri kulia, yenye madoa kushoto, yaliyoungua nyuma yake. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote. Bahasha, mstari wa kwanza, mistari niliyoikunja, Jumanne iliyopita, kicheko changu msibani.

Aliendelea kuchambua. Nilidhani hajanisikia vizuri, maana sikio lile nalo halisikii kama zamani.

"Hiyo mistari mingine," alisema baadaye, "unaikumbuka?"

Nikamwambia naikumbuka.

"Niambie."

Nikamsomea kwa kichwa, kwa Kiswahili, mpaka mwisho. Alisikiliza akiwa ameshika jani moja. Nilipomaliza aliligeuza upande wa pili, akalitazama sana, kama vile alikuwa hajui aliweke wapi.

"Jumapili ya kwanza niliporudi kutoka kwako," alisema, "nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilimshukuru Mungu mbele ya watu wote, kwa nusu karatasi."

Hakupaza sauti. Hakunilaani. Aliniambia niende ndani nikale, ugali upo. Nilikula peke yangu. Tangu siku hiyo ananiita kwa jina langu la shuleni. "Mwanangu" sijalisikia.

Nilidhani hiyo ndiyo gharama yangu, na kwamba nikiisha kuilipa itakwisha. Sikujua.

Saratani ya aina hii, hata ikitolewa usoni, huweza kukaa kimya miaka kisha ikajitokeza mapafuni. Kwa hiyo mgonjwa hupigwa picha ya kifua kila baada ya muda. Wiki tatu zilizopita Mama Mkubwa alikuja mjini kwa kipimo hicho. Zamani angenipigia simu nimpokee kituoni. Safari hii nilirudi nyumbani kutoka kazini nikamkuta ameshafika, ameshakwenda hospitali nyingine na binti wa Mjomba, na wameshapewa majibu. Binti yule hajamaliza kidato cha nne. Yeye ndiye anayemsomea sasa.

Bahasha ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Niliuliza wamesema nini.

"Wamesema vizuri," alijibu Mama Mkubwa. Binti akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Anakohoa. Ni kikohozi kikavu, kifupi, anakimezea. Anasema ni vumbi la tumbaku. Tumbaku ilikwisha kuuzwa miezi miwili iliyopita, na mabani ni matupu.

Jana nilijikaza nikamwomba anipe ile karatasi niisome, hata mara moja. Aliniangalia kwa lile jicho lake linalofumba.

"Nitakuambia," alisema. "Lakini si sasa. Nataka kwanza upate ajira, utulie."

Akanitengea chai.

Nimefikiria sana kama ananiadhibu. Ningependa iwe adhabu. Naona anafanya kwa upendo, na kwa woga, na kwa kusubiri siku nzuri, kama mimi nilivyofanya. Amejifunza kwangu. Ile siku nzuri haipo, nami siwezi kumwambia hivyo, maana nitamwambia kwa mdomo upi? Ninapoandika haya yupo chumba cha pili. Nasikiliza. Nahesabu vikohozi. Leo ni vingi kuliko jana.

Ndugu msomaji, usinihurumie mimi. Jichunguze wewe. Kama una kivimbe mbele ya sikio au chini ya taya, na kimekaa, usikizoee. Kikianza kuuma, kikileta ganzi, mdomo ukipinda au jicho likigoma kufumba, usimsingizie nyuki wala baridi, na usisubiri mavuno. Na ukiambiwa hakijaonekana kitu, uliza kama wametazama vya kutosha.

Wewe uliye msomi wa familia, uliye na koti jeupe, unayepewa bahasha kwa mlango wa nyuma kwa sababu ni "mtu wetu": irudishe kwa daktari. Usiwe mlango wa mgonjwa wako, maana siku ukiogopa, mlango unafungwa na yeye yupo nje.

Na kama kuna karatasi ya mtu mkononi mwako sasa hivi, umeikunja ukingoja maneno mazuri, inuka. Watu wakicheka, waache wacheke. Mkalishe mwenye karatasi, msomee mstari wa kwanza, kisha endelea. Usipumzike hapo katikati. Endelea mpaka ufike kwenye sahihi ya daktari.